Bei ya Vitambaa vya Bure

"Chai ya saa nne tunaihesabu?" Aikande aliuliza.

"Chai hapana."

"Na nikiacha sindano nikaenda kumkatia ng'ombe majani?"

"Mama, ukiwa kwa ng'ombe hushoni. Tunahesabu kushona peke yake."

Kutoka ndani, Godwin, mume wa Aikande, alipaza sauti. "Na akishona huku ananigombeza, hiyo ni saa nzima au nusu?"

Kindness alicheka, lakini kalamu haikusimama. Alikuwa na shahada ya uhasibu, na kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa imemwita, alikuwa ameamua kuiweka sawa biashara pekee iliyokuwa karibu naye, yaani mablanketi ya viraka ya mama yake. Miaka yote Aikande aliyauza elfu sabini. Hakuna aliyejua sabini ilitoka wapi. Mwenyewe alisema ni bei ambayo mtu akitajiwa hashtuki. Ilitosha wakati Godwin alipokuwa akipandisha wageni mlimani. Tangu goti lake lilipokataa, mablanketi ndiyo yaliyonunua sukari, unga, na dawa za goti lenyewe, na sabini haikufika popote.

Kwa hiyo mama na binti waliketi barazani, juu kidogo ya barabara ya Machame, wakapanga bei ya haki. Kazi ilikuwa siku nane, elfu kumi na mbili kwa siku, sawa na anavyolipwa mtu anayepalilia kahawa ya jirani. Hiyo tisini na sita. Uzi, shuka ya chini na pamba ya katikati, thelathini na tano. Umeme na nauli, tisa. Hapo Kindness alisita.

"Vitambaa?"

"Vitambaa tunapewa," Aikande alisema. "Unajua."

Alijua. Kila mwezi Elisifa, fundi cherehani wa Kwa Sadala, alileta kiroba cha mabaki ya vitenge kutoka mezani kwake. Elisifa na Aikande walipata kipaimara siku moja, na kila mmoja alimsimamia mwenzake harusi. Sokoni watu walimwita Elisifa Mama Lucky. Aikande alikuwa mmoja wa wachache waliobaki wanaomwita kwa jina lake.

"Kupewa hakumaanishi havina bei," alisema Kindness. "Siku Mama Lucky akiacha kushona utakwenda kununua. Bei isiyo na vitambaa ni bei ya uongo, Mama. Tuweke nusu ya bei ya kitenge kipya, kwa sababu ni mabaki. Arobaini."

Hoja ilikuwa sahihi. Ndicho kilichomsumbua Aikande baadaye, kwamba hoja ilikuwa sahihi na bado ilimpasa aseme kitu. Alihisi kuna kilichopinda, kama mtu anavyohisi mshono umepinda kabla hajaona ulipopindia. Lakini Kindness alikuwa amekwisha kujumlisha, na jumla ilikuwa laki na themanini. Aikande aliitazama. Hakuwahi kuona kazi ya mikono yake ikiandikwa kwa tarakimu sita.

"Sawa," alisema.


Theodora alikuja Jumamosi akiendesha gari lake mwenyewe. Alikuwa Mkibosho mwenye nyumba ya wageni Rau, vitanda kumi, na alikuwa na tabia ya kugeuza kitu upande wa nyuma kabla ya kukisifia. Aliligeuza blanketi, akauvuta mshono kwa kidole gumba. Mshono haukuachia.

"Bei?"

"Laki na themanini," alisema Kindness.

"Binti, unaniuzia blanketi au kiwanja?"

"Blanketi, mama. Ngoja nikueleze bei ilivyopatikana."

Wakati huohuo Elisifa aliingia getini na kiroba kichwani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama siku zote. "Hodi wenyewe! Nimeleta mzigo, na nina shida."

"Shikamoo mama," Kindness aliinuka kumpokea.

"Marahaba mwanangu. Endeleeni, endeleeni, mimi si mgeni." Alijimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaketi kwenye ngazi.

Mdomoni mwa kiroba, juu ya vipande vyote, palikuwa na kitenge kizima kilichokunjwa vizuri. Elisifa hakukosa kukiweka. Hakikuwa baki, kila mwezi alitenga kimoja. "Hiki usikikate," alimwambia Aikande kwa sauti ya chini. "Hiki chako." Cha mwezi huu kilikuwa cha bluu, chenye ndege wa manjano. Aikande alikiweka mapajani.

Kindness aliendelea. Alieleza siku nane, akaeleza uzi na pamba, kwa utulivu wa mtu asiye na cha kuficha. "Na vitambaa, elfu arobaini."

Theodora aliinua macho. "Arobaini? Hivi si vipande? Mnanunua wapi?"

Kindness alimgeukia mama yake. Hakuwa mwongo, alimwachia mwenye mali ajibu. Aikande angeweza kusema, tunapewa na rafiki yangu, ndiye huyu hapa. Theodora angesema, kama mnapewa, niondoleeni arobaini. Na kwa mablanketi kumi hiyo ni laki nne. Aikande aliipiga hesabu hiyo haraka kuliko hesabu yoyote maishani mwake.

"Tunanunua Kwa Sadala," alisema.

Elisifa alikuwa akipuliza chai. Aliendelea kupuliza.

"Na wewe mama, mko pamoja kwenye kazi hii?" Theodora alimuuliza kwa adabu.

"Mimi? Hapana. Nimeleta takataka tu."

Theodora alicheka, akidhani ni mzaha wa majirani. Aliagiza mablanketi kumi, akatoa nusu ya malipo papo hapo, akataka yaanze kumfikia kabla wageni wa Juni hawajajaa. Gari lilipotoka, Godwin alijikongoja nje na fimbo yake. "Milioni na laki nane! Nimefika kileleni mara ambazo siwezi kuzihesabu, na sijawahi kuteremka na pesa kama hizo."

"Elisifa," Aikande alisema, "umesema una shida."

"Ndogo. Lucky amepata mchumba Holili. Mwezi ujao tunapeleka mahari, na bibi yake binti anatakiwa apewe blanketi. Nikasema bibi wa Holili atalala chini ya kazi ya Aikande." Aliweka kikombe chini. "Sasa nimesikia bei."

"Wewe si mteja," Aikande alijibu haraka. "Wewe nitakufanyia laki na ishirini."

Alipokwisha kutamka, alijua. Neno lililotakiwa lilikuwa "chukua". Hata sabini ya zamani ingesameheka, maana ilikuwa bei ya majirani. Laki na ishirini ilikuwa punguzo, na anayepewa punguzo ni mteja.

Elisifa alitabasamu. "Asante. Ngoja nikajipange." Alisimama, akakung'uta sketi. "Mjini kuna yale ya Kichina yenye picha ya simba. Elfu arobaini na tano. Bibi mwenyewe haoni vizuri, nasikia. Simba atamwona."

Wote walicheka, Elisifa kuwazidi. Kisha aliteremka kwa miguu hadi barabarani, bila kungoja aitiwe bodaboda.

"Ulitakiwa umwambie mapema kuhusu vitambaa," alisema Kindness walipobaki wenyewe.

"Na wewe uliyesoma ulitakiwa uniambie nimwambie."

"Mama, mimi nilikuwa kwenye bei. Si wewe uliyesema tunanunua?"

Kindness alichukua blanketi lililokuwa limekamilika, akalikunja. "Nimpelekee sasa hivi. Bure."

"Hilo ni la Theodora. Na nikimpelekea leo itakuwa kama namhonga anyamaze. Acha moyo wake upoe."

Huenda hilo lilikuwa kweli. Kweli pia ni kwamba lile blanketi lilikuwa limekwisha kuwa laki na themanini, na Aikande hakuweza tena kuliona kwa jina jingine.


Siku ya mahari Aikande na Godwin walialikwa wote wawili, kama ilivyopasa. Godwin alikaa upande wa wasemaji. Aikande alikaa na wanawake, chini ya turubai lililofungwa kwenye migomba. Mbuzi walihesabiwa na kukubaliwa. Kisha blanketi lilitolewa kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, likafunguliwa na kuwekwa mabegani kwa bibi. Simba alienea mgongo mzima, kinywa wazi. Vigelegele vilipigwa.

Bibi alipapasa manyoya. "Laini," alisema. "Laini kama paka."

Mwanamke mmoja wa ukoo wa Lucky alimwinamia Aikande. "Si wewe unayeshona yale ya viraka? Nilijua leo tutaliona la kwako."

"Nilikuwa na oda," Aikande alisema.

"Eh, hongera. Oda ni oda."

Elisifa alipita na kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, akiwapa wageni mmoja mmoja. Wanawake wa kwao aliwatania, mmoja akamfinya shavu. Alipofika kwa Aikande alishika kata kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Karibu, mama," alisema.

Tangu wakiwa wasichana wadogo hakuwahi kumwita mama. Aikande alikunywa, akasema asante, na Elisifa akaenda kwa anayefuata.


Mwezi huo kiroba hakikuja. Aikande hakutuma mtu kukiulizia, kwa sababu hakuwahi kukiulizia. Kiroba kilikuwa kitu kinachokuja. Alipokuwa amekamilisha mablanketi manne ya Theodora, vipande viliisha, akateremka Moshi mjini kutafuta vingine. Aligundua kwamba mafundi wa mjini huuza mabaki yao kwa watu wanaojaza mito, kwa magunia, yakiwa yamechanganyika na nyuzi, vumbi na vifungo.

Hapo ndipo alipojua Elisifa alikuwa akifanya nini. Katika viroba vyake hakukuwahi kuwa na nailoni. Vipande vilikuja vimefumuliwa mishono, vimepigwa pasi, vimefungwa kwa rangi: vyekundu pamoja, vya kijani pamoja. Aikande alivipokea hivyo miaka yote, na kama angeulizwa angesema ndivyo mabaki yalivyo. Sasa alikaa usiku na mchana akichambua. Blanketi lililochukua siku nane lilichukua kumi na moja.

"Tunapoteza siku tatu kila moja," alisema Kindness, uso umemkunjamana juu ya hesabu. "Zile arobaini hazikuwa za vitambaa tu. Kulikuwa na kazi ya mtu mzima humo ndani, na hamkuihesabu."

"Hatukuihesabu," Aikande alirekebisha.

"Sikuiona, Mama. Haikuonekana."

"Mimi nilikuwa naishika mkononi."

Hawakuendelea. Wakati wa kupika ulikuwa umefika, na Godwin alikuwa ameanza kuuliza kuhusu mtori wake.

Simu ya Theodora ilikuja baada ya kundi la pili la mablanketi kufika Rau. Alisema Aikande aende aone mwenyewe, akakata. Aikande alikwenda. Nyuma ya nyumba ya wageni mashuka meupe yalikuwa yameanikwa kwenye kamba, matatu, na kila moja lilikuwa na madoa mekundu, mepesi, yaliyotambaa kama chai iliyomwagika. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakisuuza waliacha kusuuza ili wasikie.

"Nimeyatandika juu ya mashuka yangu, wageni wakatoka bafuni wakakaa na maji," alisema Theodora. Hakupandisha sauti. "Mama Kindness, mimi sikukusumbua kwenye bei. Binti yako alinieleza, nikaona ni ya haki, nikalipa. Nilipe bei ya haki nipewe kitu cha haki. Au nakosea?"

"Hukosei."

"Yale manne ya kwanza hayajatoa rangi hata tone. Mlibadilisha mnakonunua?"

Aikande alikumbuka harufu ya chumvi kwenye viroba vya Elisifa, ambayo siku zote alidhani ni ya kiroba chenyewe. Vile vyekundu vilikuwa vikilowekwa kwenye maji ya chumvi ili visitoe rangi.

"Tulibadilisha," alisema.

"Basi rudini mlikokuwa. Na haya mtanishonea upya."

Wafanyakazi walirudi kusuuza.


Asubuhi iliyofuata Aikande alikwenda mpakani mwa kihamba, pale mmea wa sale ulipopandwa na babu yake Godwin kutenganisha shamba lao na la jirani. Alichuma jani moja refu, akalifunga fundo. Godwin alimtazama kutoka mlangoni.

"Hawezi kulikataa," alisema.

"Najua. Anayeletewa sale anasamehe."

"Ndiyo maana ungelipeleka mapema. Kabla ya mashuka ya Theodora."

Alisema kweli. Siku moja baada ya ile Jumamosi, jani lingekuwa la msamaha peke yake. Sasa lilikuwa la msamaha na la vitambaa, na Aikande mwenyewe hangeweza kumwapia mtu lipi lilikuwa kubwa.

Elisifa alikuwa akipiga pasi Aikande alipofika. Aliliona jani kabla hajamwona aliyelishika. Akaisimamisha pasi wima, akafuta mikono kwenye gauni.

"Nilisema uongo mbele yako," Aikande alisema. "Nilisema nanunua. Miaka yote ulinipa, nikasema nanunua. Nisamehe, Elisifa."

Elisifa alilipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe," alisema. Alilisimamisha kwenye kopo la mikasi, juu ya meza ya cherehani, mahali ambapo kila anayeingia angeliona. "Kaa. Umekunywa chai?"

Walikunywa chai. Walizungumza juu ya harusi ya Lucky. Elisifa alisema bibi wa Holili anamgeuza simba tumbo chini akilala, ili asiumwe, na Aikande akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Elisifa naye akacheka, akimpiga piga goti kama zamani. Msamaha ulikuwa wa kweli. Aikande hakuwa na shaka juu ya hilo, wala hakuwa nayo baadaye.

"Umekuja na kiroba?" Elisifa aliuliza.

"Ninacho."

"Ngoja." Alitoka, akarudi na mizani ya kuning'iniza aliyoazima kwa muuza maharage wa jirani. Aliifunga kwenye boriti. Kutoka chini ya meza alitoa mafungu ya vipande, mekundu, ya kijani, ya manjano, yaliyopigwa pasi, akayapanga kirobani na kukitundika kwenye ndoano. Mshale wa mizani ulicheza, ukatulia. Akarudisha fungu moja dogo mezani, akatazama tena.

"Kilo sita. Blanketi moja linakula mbili, kwa hiyo hapa una matatu. Arobaini, arobaini, arobaini. Laki na ishirini." Alisema kwa upole, kama anavyomwambia mteja yeyote kwamba gauni litakuwa tayari Ijumaa. "Sijaongeza kitu. Ni hesabu ya Kindness."

Aikande aliitambua ile laki na ishirini ya barazani. Hakujua kama Elisifa naye aliitambua.

"Elisifa."

"Si ulisema unanunua Kwa Sadala?" Elisifa alisema, akikifunga kiroba kwa kamba. Hakukuwa na kejeli usoni mwake. "Karibu. Vyekundu nimeviloweka kwenye chumvi, havitatoa rangi."

Aikande alitoa simu. Vidole vilikosea namba ya siri mara ya kwanza.

"Na ya kutolea," Elisifa alimkumbusha.

Aliongeza ada ya kutolea pesa. Simu ya Elisifa ililia mezani. Aliusoma ujumbe mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akamsindikiza Aikande hadi barabarani na kumsimamishia bodaboda, akiwatumia salamu Godwin na Kindness, akisisitiza wasikose harusi.

Nyumbani, Kindness aliyatoa mafungu ya juu ya kiroba, akayapanga mkekani na kushangilia. "Mama, safi kabisa! Sasa kila kitu kina bei yake ya kweli. Hesabu imekaa."

"Imekaa," Aikande alisema.

Kindness alipokwenda jikoni, Aikande aliyarudisha mafungu kirobani, moja baada ya jingine, polepole. Kisha alipitisha mkono mdomoni mwa kiroba, akashuka nao pembeni mpaka chini, labda kile kitenge kizima cha kila mwezi kimeteleza. Vilikuwa vipande tu. Zilikuwa kilo sita, wala hazikuzidi.